Shikamoo ya Mwanamume Mfupi

Tarehe 2 Machi 2024 Mzee Ali Hassan Mwinyi alizikwa Mangapwani, kijiji cha kaskazini mwa Unguja alikolelewa tangu alipoletwa mdogo kutoka Mkuranga. Alifariki akiwa na miaka 98. Aliwahi kuwa mwalimu, balozi na waziri, akashika urais wa Zanzibar mwaka 1984 katika siku ngumu za kujiuzulu kwa Mzee Aboud Jumbe, na mwaka uliofuata akakabidhiwa Muungano mzima, akauongoza hadi 1995. Siku za msiba ule yalisemwa mengi juu yake: upole wake, maduka yaliyojaa bidhaa baada ya miaka ya foleni, jina la Mzee Rukhsa, vyama vingi vya 1992. Jambo moja sikulisikia likitajwa na mtu yeyote, nalo ni kimo chake. Mzee Mwinyi hakuwa mrefu. Picha yake ilitundikwa katika ofisi za nchi hii kwa miaka kumi, akasimama bega kwa bega na wakubwa wa dunia, na hakuna aliyesema kwamba pale pana mwanamume aliyepungua.

Nimemtanguliza yeye kwa sababu wanaume wafupi wengi wa kisiwa hiki hawana cheo cha kuwakinga. Wao huambiwa kila siku, kwa mzaha na kwa dhati, kwamba wamepungukiwa. Majina wamepewa ya kutosha: kibushuti, andunje, nyundo, mbilikimo. Hilo la mwisho linawahusu watu wa msitu wa Ituri kule Kongo, watu kamili wenye makaazi na elimu yao ya msitu, nasi tunalirusha mtaani kama tusi, tukiwatukana wawili kwa mpigo. Mimi ni mmoja wa wafupi hao. Nina futi tano na inchi mbili nikivua viatu, na ninayoyaandika hapa nayaandika nikiwa upande wao.

Hoja yangu ni kwamba maumbile yenyewe hayamnyimi mwanamume mfupi kitu kikubwa, na mara nyingine humzidishia. Anachokikosa hunyang'anywa na watu. Wengine hunyang'anywa kwa midomo yetu sisi wakubwa, na wengine kwa njaa iliyowapata kabla hawajajua hata kusema.

Nianze na midomo. Mtu akikutana na mwenzake kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe hana nafasi ya kuuliza umri. Anaangalia mvi, ndevu, mwendo, tumbo, kisha anaangalia kimo, na kwa sekunde ile ile anaamua: huyu nimpe shikamoo, au nimpitishie "mambo vipi"? Mwanamume mfupi hupoteza hesabu hii takriban kila siku. Kijana wa miaka ishirini muuza duka anamuuliza, "Unataka nini, bwana mdogo?" Konda wa daladala anamsukuma kwa kiganja mgongoni, jambo asiloweza kumfanyia mtu mwingine yeyote mwenye umri ule. Kwa mgeni aliyetoka mbali hili litaonekana dogo. Kwetu si dogo. Mtoto wa pwani hufundishwa kusalimia kabla hajafundishwa kuhesabu, na mtu mzima anayenyimwa salamu yake anaambiwa mbele ya watu kwamba hajafika.

Nitaeleza nilichokiona katika hitma moja huko Ng'ambo. Kisomo kimekwisha, watu wanajipanga kwenye majamvi, masinia ya pilau yanaanza kupita juu ya vichwa. Wazee wako upande wa kibla pamoja na shekhe, vijana wako mlangoni wakingoja kunawisha. Akaingia bwana mmoja mfupi, amenyoa ndevu, kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono. Mtu aliyekwisha kukaa akamwonyesha kidole bila kumtazama vizuri usoni. "We kijana, hebu chukua birika hilo unawishe watu."

Bwana yule ana watoto wanne, na mkubwa wao yuko chuo. Aliyemtuma ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Hakujibu neno. Alikunja mikono ya kanzu, akachukua birika na beseni, akainama kwa mtu mmoja mmoja akimimina maji, watu wakinawa na kufuta mikono yao bila kuinua macho. Akapita safu nzima hivyo hadi alipomfikia mzee anayemjua. Mzee akaushika ule mkono wenye birika. "Maalim, wewe ndiye unayenawisha? Kaa hapa." Mazungumzo ya upande ule yakakatika. Aliyemtuma akageuka kumsemesha jirani yake, na mimi niliyekuwa karibu niliona masikio yake yamewiva.

Kilichoniuma si kule kunawisha. Kunawisha watu ni thawabu, na wapo wazee wanaolikimbilia birika kwa hiari yao. Kilichoniuma ni kwamba bwana yule alikuwa amezoea. Alichukua birika kama mtu anayejua kwamba akikataa ataonekana ana kiburi, na akieleza umri wake ataonekana anajitetea. Mfupi hana jibu zuri. Akikasirika, watu husema ufupi ndio unaomtia hasira. Akinyamaza, husema amejijua. Wenye urefu wa wastani hawajui uchovu huu, wa kuthibitisha utu uzima wako upya kila unapoingia mlango mpya.

Na dini tunayoifuata haikutufundisha hivyo. Tukisimama kwenye safu msikitini, imamu hugeuka na kutuambia tusawazishe, nasi tunasawazisha visigino na mabega. Hakuna anayeulizwa kichwa chake kimefika wapi. Mrefu na mfupi wanaziba pengo lile lile. Waliosoma sira wanamjua Abdullah bin Mas'ud, sahaba aliyekuwa mfupi na mwembamba. Siku moja alipanda mti wa mswaki, upepo ukapeperusha nguo yake, miguu yake myembamba ikaonekana, wenzake wakacheka. Mtume (SAW) aliwauliza wanachekea nini, kisha akawaambia kwamba miguu ile katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Kisa hiki kimo katika Musnad ya Imam Ahmad, na kimesomwa katika darsa zetu mara nyingi. Bado darsa likimalizika, tunatoka nje kwenye baraza na kuanza: "Nyundo, njoo hapa."

Ndoa ndiyo sehemu nyingine inayouma, nayo haisemwi hadharani. Mshenga anakwenda, posa inapokewa vizuri, upande wa mwanamke wanaulizia kama inavyopasa: anasali? Anatokana na nani? Ana kazi gani? Majibu yote yanarudi mazuri. Kisha shangazi mmoja aliyemwona kijana barabarani anatia neno: "Lakini mbona mfupi vile?" Hapo posa inaanza kupoa. Msichana ambaye jana alikuwa radhi anaambiwa leo kwamba akivaa viatu vya visigino atamfunika mumewe, kwamba wakitembea Forodhani jioni watu watadhani amemshika mkono mwanawe, kwamba watoto watakuwa vijiti vya kiberiti. Nimewaona wasichana wakisimama imara, na nimewaona wengine wakitetereka. Siwalaumu hawa wa pili. Anayeingia katika ndoa huku ukoo mzima unamcheka mumewe anabeba mzigo ambao si haki yake kuubeba.

Siku ya harusi ikifika, mambo yanafichwa. Biharusi mrefu hushonewa gauni refu lifunike ndala bapa. Bwana harusi hutiwa soli ya ziada ndani ya kiatu. Mpiga picha, bila kuambiwa na mtu, anamkalisha biharusi kwenye kiti na kumsimamisha bwana nyuma yake, au anamweka kwenye ngazi ya juu ya jukwaa. Tazameni albamu za harusi nyumbani kwenu na mtaiona kazi hii. Wawili waliopendana wanaanza maisha yao kwa picha inayowaonea haya.

Lile neno kwamba watoto watarithi ufupi lijibiwe kwa elimu. Mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliochunguza vinasaba vya watu wapatao milioni 5.4, na watafiti wakaona tofauti zaidi ya 12,000 katika vinasaba zinazochangia kimo cha binadamu. Mtoto huchukua kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, kwa namna ambayo shangazi hawezi kuipiga ramli. Kisha kuna chakula na afya. Utafiti mwingine mkubwa, uliotolewa mwaka 2016 na kuhusisha nchi 200, ulionyesha kwamba wanaume wa Iran waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 20 wamewazidi kwa takriban sentimita 16.5 wale waliozaliwa mwishoni mwa karne ya 19. Vinasaba havibadiliki hivyo katika miaka mia. Wale wanaojiita Washirazi hapa Unguja, wakijinasibisha na Iran hiyo hiyo, wana sababu moja zaidi ya kulitafakari jambo hili.

Katika kazi, mfupi hukutana na ukuta ulioandikwa wazi. Matangazo ya kujiunga na Jeshi la Polisi huweka kiwango cha urefu, kimoja cha wanaume na kingine cha wanawake, na kijana aliyefaulu kila kitu anarudishwa kwa inchi moja. Wenye hoteli wanaotafuta walinzi hawaandiki lolote, wanaangalia tu. Naelewa hofu yao: askari mrefu huonekana mbali na mwizi humwogopa. Lakini askari wa leo anaandika maelezo ya shahidi, anachunguza wizi wa kwenye simu, anazungumza na mama aliyepigwa na mumewe, anaendesha boti ya doria. Sioni inchi zinaingia wapi katika kazi hizo.

Wengine waliwahi kuujaribu ukuta huu na wakaona hauna msingi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, jeshi la Uingereza lilikataa wanaume walio chini ya futi tano na inchi tatu. Miongoni mwa waliorudishwa walikuwemo wachimba makaa ya mawe, watu wenye vifua na mikono iliyokomaa kwa kazi. Mwishoni mwa 1914, katika mji wa Birkenhead, mbunge Alfred Bigland aliomba ruhusa ya kuandikisha vikosi vya wafupi peke yao, na wanaume wapatao 3,000 wakajitokeza. Vikosi hivyo vikapelekwa Ufaransa, na wengi hawakurudi. Risasi haikuwauliza kimo. Jeshi lililowaona hawafai vita ilipoanza liliwaona wanafaa lilipowahitaji, na jambo hilo peke yake linatosha kueleza kwamba kile kiwango kilikuwa desturi tu.

Kuhusu mishahara, wachumi wameona katika Uingereza na Marekani kwamba wanaume warefu hulipwa zaidi. Kwa nini? Hapa wanabishana, na ubishi wao unanigusa sana. Mwaka 2004 Nicola Persico, Andrew Postlewaite na Dan Silverman walionyesha kwamba kinachotabiri mshahara ni kimo cha mtu alipokuwa kijana wa miaka 16, kuliko kimo chake cha utu uzima. Waliokuwa wafupi skuli na kurefuka baadaye walilipwa kama wafupi. Maelezo yao ni kwamba kijana mfupi hujitoa katika michezo na vyama vya skuli, na anakosa mahali pa kujifunza kusema mbele ya watu na kuongoza wenzake. Miaka minne baadaye Anne Case na Christina Paxson walileta jibu jingine: mtoto aliyelishwa vizuri na asiyeuguaugua hukua mrefu na pia akili yake hukua kikamilifu, kwa hiyo mshahara unafuata ile afya ya utotoni.

Nimezisoma pande zote mbili na sioni haja ya kuchagua. Nimefundisha skuli ya sekondari kwa miaka mingi, na yule kijana wa miaka 16 anayerudi nyuma namjua kwa uso. Ndiye anayekaa nyuma siku ya kuchagua kiongozi wa darasa kwa sababu jina lake likitajwa darasa litacheka. Ndiye anayeacha mpira kwa sababu wakigawana timu anachaguliwa mwisho, kama chenji iliyobaki. Hajakosa kipaji. Amechoka kuchekwa, na kuchoka huko anakwenda nako hadi kwenye usaili wa kazi. Nasi walimu tuna sehemu yetu, kwa sababu wapo wanaompanga mstari wa mbele kila siku na kumtania mbele ya darasa wakidhani wanamchangamsha.

Sasa yale yaliyo mazuri, maana yapo na ni ya kweli. Mji Mkongwe ni mji uliotujali. Baadhi ya malango makubwa ya kuchonga yana mlango mdogo uliotobolewa ndani ya ubao wake, na ndio unaotumika kila siku. Mrefu anainama na kujipigapiga kwenye mti, sisi tunapita kama tunavyopita chumbani. Ngazi za ndani za nyumba za mawe, zenye giza na dari ya boriti inayoshuka ghafla, hazijawahi kunitia alama ya paji la uso. Daladala za bodi ya mbao na mabenchi mawili yanayotazamana ziliwatesa warefu miaka yote, magoti yao yakiwa kifuani na shingo imekunjwa chini ya paa. Mfupi anaingia, anakaa, anaweka kikapu chake mapajani na kufika Bububu hana alipoumia.

Mashamba ya Kizimbani na Kidichi yana somo lake pia. Tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika, na kila msimu wapo wanaoanguka. Mtu mdogo wa mwili, asiye na uzito mwingi, anafika kwenye matawi ambayo pandikizi la mtu halithubutu, kisha anavuta lililo mbali kwa upembo. Wakwezi wa minazi niliowafahamu tangu utotoni wengi wao walikuwa watu wa namna hiyo, wafupi, wakavu, wenye nyayo ngumu, wanaopanda mnazi wa futi sitini huku wanazungumza. Hakuna aliyewaita bwana mdogo wakiwa kule juu.

Upande wa afya habari zimechanganyika, na itakuwa si kweli kutaja zile nzuri peke yake. Huko Hawaii, wanaume 8,006 wenye asili ya Kijapani walifuatiliwa tangu miaka ya 1960, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba wafupi waliishi zaidi, wakawa na kiwango cha chini cha insulini na saratani chache. Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2015 katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba kila sentimita 6.5 mtu anazopungua huandamana na ongezeko la asilimia 13.5 la hatari ya maradhi ya mishipa ya moyo. Basi mfupi na apime presha yake, apunguze chumvi na mafuta, atembee. Hilo analiweza.

Michezoni, waliotaka kutuzuia walishindwa siku nyingi. Juma Ikangaa wa Tanzania, mtu mfupi kuliko wengi aliokimbia nao, alishinda marathoni ya New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01, na alishika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Mwaka ule wa 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimzidi kwa sekunde moja tu. Lionel Messi alipokuwa mtoto alitibiwa kwa homoni za ukuaji, na hadi leo ana sentimita 170. Hapa kwetu mashabiki walimbatiza Nadir Haroub, beki mzaliwa wa Zanzibar aliyekuwa nahodha wa Yanga na Taifa Stars, jina la Cannavaro. Fabio Cannavaro mwenyewe, nahodha wa Italia iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, alikuwa mfupi kwa beki wa kati na aliruka kuwazidi washambuliaji warefu. Vijana wa viwanja vya Mnazi Mmoja wanalijua hili. Makocha wa skuli nao walijue wanapochagua.

Watu wana tabia ya kumrefusha mtu mkubwa kabla hawajamwona. Msafiri wa Kizungu Henry Morton Stanley, naye mfupi, alipoondoka bandari ya Zanzibar Februari 1887 na wapagazi zaidi ya 600 wa hapa kwenda kumwokoa Emin Pasha, alichukua suruali zilizoshonwa kwa ajili ya Emin, gavana aliyesifiwa dunia nzima. Walipokutana Ziwa Albert mwaka uliofuata, suruali zilikuwa ndefu mno na ikabidi zikatwe. Emin alikuwa mtu mdogo wa umbo. Mafundi walishona kwa sifa walizozisikia. (Wale wapagazi wetu, ambao wengi walikufa njiani kwa njaa na ndui na viboko, hakuna aliyewashonea chochote, na siwezi kuitaja safari ile bila kuwataja.)

Na bado wapo wafupi ambao Mungu hakuwaumba wawe wafupi. Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu waache kucheka kabisa. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 30. Tumesonga mbele, lakini bado ni takriban watoto watatu katika kila kumi. Zanzibar hali ni nafuu kuliko Bara, na unafuu huo usitupumbaze, maana katika vijiji vya mashamba mtoto analala kwa muhogo mtupu huku samaki wazuri wanapanda gari kwenda hotelini.

Udumavu huanza tumboni. Mama mwenye upungufu wa damu, asiyekula vya kutosha, aliyebeba mimba nyingine kabla ya kupona ile ya kwanza, huzaa mtoto mdogo. Kisha mtoto anapewa maji na uji mwepesi kabla ya miezi sita, anaharisha, anapona, anaharisha tena. Minyoo inakula alichokula. Huko Pemba utafiti wa minyoo na afya ya watoto umefanywa kwa miongo kadhaa, na Maabara ya Ivo de Carneri pale Wawi, Chake Chake, bado inaifanya kazi hiyo; tunajua mengi kuliko tunavyoyatumia. Siku elfu moja za mwanzo, kuanzia mimba kutunga hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo zinazoamua sehemu kubwa. Kinachopotea hapo hakirudi chote, na hakipotei kimo peke yake. Masomo yanaguswa, kinga ya maradhi inaguswa, na baadaye pato la mtu mzima linaguswa.

Mtoto huyo akikua, tunamwita andunje. Jamii iliyomnyima yai na dagaa inarudi miaka ishirini baadaye kumcheka kwa alama za njaa ile, inamnyima kazi kwa kigezo cha inchi, na inamkatalia mke kwa hofu ya watoto wafupi. Sijui dhulma iliyokamilika kuliko hii katika mambo tunayoyaita utani.

Kwa macho huwezi kumtambua aliyerithi kimo cha baba yake na aliyedumaa. Wanafanana. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema utani ni sehemu ya utamaduni wetu na mfupi avumilie. Utani wa kwetu una mipaka yake: mtu humtania aliye mtani wake, naye hurudishiwa. Anayemwita mpita njia nyundo hamtanii. Amemdharau.

Ninayoyaomba yanawezekana. Wakuu wa vyombo vya ulinzi waviangalie upya vigezo vya urefu, wapime mbio, macho, afya na akili ya mwombaji. Walimu wamwite kijana mfupi kwa jina lake na wamwache agombee nafasi ya kiranja kama mwingine. Washenga na mashangazi wakiulizwa habari za kijana, waseme dini yake, kazi yake na tabia yake, waishie hapo. Anayeingia kwenye hitma na kumwona mtu asiyemjua, amtazame usoni kabla ya kumtuma birika, na akiwa na shaka atangulize shikamoo; akikosea, atakuwa amemheshimu kijana, na hilo halina hasara.

Na wazazi wenye watoto wachanga wana kazi kubwa kuliko sote. Katika kliniki zetu mizani inajulikana na kila mama, mtoto anatundikwa, kilo zinaandikwa, watu wanarudi nyumbani. Ubao wa kupimia urefu huulizwa na wachache, ilhali udumavu hauonekani kwa kilo peke yake. Wiki ijayo mkiwapeleka, ombeni mtoto alazwe kwenye ubao huo, namba iandikwe kwenye kadi, na muuguzi awaeleze kama inalingana na umri wake. Akisema hailingani, msiondoke kabla hajawaambia mtoto ale nini na mrudi lini.